Sharti au Kizuizi? Lugha ya Kubadili Ukubwa wa Maumbo katika Uchoraji wa Kihandisi kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mtu aliyechora mstatili kwa penseli juu ya karatasi, kisha akataka kuurefusha, hana budi kufuta upande mmoja, kuendeleza pande mbili kwa rula, na kuuchora upya ule uliofutwa. Karatasi haikumbuki kwamba pande mbili zilikusudiwa kuwa sambamba, wala kwamba pembe zote nne zilikusudiwa kuwa za nyuzi 90. Kukumbuka ni kazi ya mchoraji. Katika programu za usanifu wa kihandisi kwa kompyuta, kazi hiyo ya kukumbuka imehamishiwa kwenye mchoro wenyewe. Mchoraji hutamka uhusiano mara moja tu: upande huu uwe mlalo, nukta hizi mbili zikutane, duara hili liguse mstari ule. Tangu hapo kila badiliko la ukubwa hupita chini ya uhusiano huo.

Makala haya yanachunguza namna mahusiano ya aina hiyo yanavyotawala ubadilishaji wa ukubwa katika mchoro wa vipimo viwili ambao hutangulia kujengwa kwa umbo lenye kina, na ambao hapa utaitwa mchoro-bapa. Uchunguzi huo unafanywa kwa jicho la isimu. Hoja inayotetewa ni kwamba jina litakalopewa mahusiano haya kwa Kiswahili si suala la urembo wa istilahi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuyaita vizuizi hutarajia kwamba kila anapoongeza kimoja, umbo lake litazidi kukataa kubadilika. Na anapoona kinyume chake huamini kwamba programu imeharibika. Jina likiwa baya huzaa fizikia mbaya kichwani mwa mwanafunzi. Jambo hili ni zito zaidi katika vyuo vya ufundi, ambako maelezo ya karakana aghalabu hutolewa kwa Kiswahili hata pale ambapo kitabu na programu viko katika lugha nyingine.

2.0 Chimbuko la dhana

Dhana yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, Marekani, kuhusu mfumo alioupa jina la Sketchpad. Mfumo huo ulifanya kazi katika kompyuta iitwayo TX-2 ya Lincoln Laboratory, na mtumiaji alichora moja kwa moja juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Aliweza kuchora pande nne ovyoovyo kisha akaiamuru mashine izifanye zikutane kwa pembe mraba, na umbo likajinyoosha mbele ya macho yake. Mambo ya msingi yanayojadiliwa katika makala haya yote yalikuwamo humo.

Ilichukua muda mrefu kwa dhana hiyo kufika kwenye meza ya mhandisi wa kawaida. Mwaka 1982 Robert Light na David Gossard, nao wa MIT, walionyesha jinsi vipimo vya mchoro vinavyoweza kuandikwa kama mfumo wa milinganyo inayotatuliwa kwa pamoja. Programu ya Pro/ENGINEER iliingia sokoni mwaka 1988, na SolidWorks mwaka 1995. AutoCAD, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982 na kuenea mno, iliishi zaidi ya robo karne ikiwa karibu zaidi na karatasi kuliko na Sketchpad: mahusiano ya kijiometria ya aina hii yaliingizwa katika toleo la AutoCAD 2010. Kwa hiyo mafundi mchundo wengi waliojifunza uchoraji kwa kompyuta kabla ya hapo walijifunza karatasi ya umeme. Anayehama kutoka huko kwenda FreeCAD, programu huria iliyoanza mwaka 2002, hahami programu tu, bali anahama pia fikra.

3.0 Mstatili mmoja na hesabu yake

Ili kuona jinsi uhusiano unavyoathiri ukubwa, yafaa kuchukua umbo moja dogo na kulihesabu hadi mwisho.

Kipande cha mstari huelezwa kwa nukta zake mbili za mwisho, na kila nukta huelezwa kwa namba mbili: umbali wake kwenye mhimili mlalo na umbali wake kwenye mhimili wima. Kipande kimoja basi kina namba nne zinazoweza kubadilika. Kila namba ya namna hiyo na iitwe kipengele huru. Vipande vinne vilivyotupwa tu kwenye skrini vina vipengele huru 16, na havina uhusiano wowote. Kimoja kikivutwa, vitatu vilivyobaki havina habari.

Mchoraji akiagiza kwamba mwisho wa kila kipande ukutane na mwanzo wa kinachofuata, kila mkutano hufuta vipengele huru viwili, kwa sababu nukta mbili zimekuwa moja. Mikutano minne hufuta vinane. Vinane vilivyobaki ni vya umbo lolote la pande nne, hata lililopinda kama kishada kilichochanika. Pande mbili zikiamriwa ziwe mlalo na mbili ziwe wima, kila amri hufuta kipengele kimoja, na hubaki vinne. Vinne hivyo vinaweza kutajwa kwa majina: mahali pa mstatili kwa mlalo, mahali pake kwa wima, urefu wake, na upana wake. Umbo tayari ni mstatili na haliwezi kuwa kitu kingine, ilhali hakuna hata namba moja ya ukubwa iliyotajwa.

Hapa ndipo neno kizuizi linapoanza kudanganya. Amri 8 zimekwisha kutolewa, vipengele 12 kati ya 16 vimefutwa, na bado mstatili unakubali ukubwa wowote. Zaidi ya hayo, umekuwa rahisi zaidi kubadilishwa ukubwa kuliko ulipokuwa vipande vinne huru. Awali mchoraji alihitaji kusogeza nukta kadhaa, moja baada ya nyingine, ili aurefushe. Sasa huburuta pembe moja kwa kipanya, na nyingine zinafuata. Mahusiano yameondoa uhuru wa umbo kuharibika, na kwa kufanya hivyo yamempa mchoraji uwezo ambao hakuwa nao.

Pembe ya chini kushoto ikifungwa kwenye nukta sifuri, yaani makutano ya mihimili miwili, hubaki vipengele viwili tu: urefu na upana. Kuburuta pembe ya juu kulia hubadili vyote viwili. Kuburuta upande wa kulia hubadili kimoja. Kuburuta pembe iliyofungwa hakubadili kitu. Badala ya kufunga pembe, mchoraji angeweza kuagiza kwamba kitovu cha mstatili kiwe kwenye nukta sifuri. Hesabu ya vipengele huru ni ileile, viwili, lakini tabia ni nyingine kabisa. Sasa upande wa kulia ukivutwa kwa milimita 10, wa kushoto nao hukimbia milimita 10 upande wa pili, na mstatili hurefuka kwa 20. Idadi ya mahusiano basi haitoshi kueleza jinsi umbo litakavyobadilika. Swali ni mahusiano gani.

Mchoraji akiongeza kwamba upande wa chini na wa kushoto viwe sawa, mstatili hugeuka mraba na kipengele kimoja tu hubaki. Anaweza kuukuza au kuupunguza, hawezi kuurefusha. Hatimaye akiacha usawa huo na kuandika vipimo, urefu milimita 100 na upana milimita 60, vipengele huru vinakuwa sifuri. Programu hutangaza hali hiyo kwa rangi: katika SolidWorks mistari iliyokuwa ya buluu hugeuka nyeusi, na katika FreeCAD mchoro hugeuka kijani. Kuanzia hapo kipanya hakifui dafu. Hata hivyo umbo halijafa. Akifuta 100 na kuandika 160, mstatili hurefuka mara moja, pembe zote zikiwa mahali pake. Mchoro uliokamilika masharti bado hubadilishwa ukubwa, ila sasa kwa namba na si kwa mkono.

Mfano mmoja wa kinyume unatosha kuonyesha kwamba hata neno ukubwa lenyewe lina utelezi. Pande nne zilizokutanishwa zikiamriwa ziwe sawa, kisha upande mmoja ukapewa milimita 50, lakini hakuna aliyetaja pembe, umbo linaweza kuburutwa kutoka mraba hadi kuwa jembamba kama wembe. Eneo lake hushuka kutoka milimita za mraba 2500 kukaribia sifuri, na hakuna upande hata mmoja uliobadilika. Je, umbo hilo limepunguzwa ukubwa? Fundi mwashi anayepanga msingi wa nyumba analijua jambo hili bila kompyuta. Hatosheki na kupima kuta nne tu, bali hupima pia mishazari miwili, au huweka pembe kwa kamba ya tatu, nne na tano.

4.0 Michoro mitatu inayofanana

Suala la ukubwa huwa gumu pale umbo linapokuwa na sehemu ndani yake. Chukua bamba la chuma la milimita 100 kwa 60, lenye matundu manne ya kipenyo cha milimita 9, moja karibu na kila pembe, kitovu cha kila tundu kikiwa milimita 12 kutoka kingo mbili zilizo karibu. Matundu hayo ni ya bolti za milimita 8. Mteja anaomba bamba la urefu wa milimita 160.

Mchoraji wa kwanza alipima matundu yote kutoka pembe ya chini kushoto. Matundu ya kulia kwake yako milimita 88 kutoka ukingo wa kushoto. Anapoandika 160, bamba linarefuka, na matundu ya kulia yanabaki kwenye 88. Sasa yako milimita 72 kutoka ukingo wa kulia, karibu na katikati ya bamba. Mteja angeomba bamba la milimita 80, matundu hayo yangejikuta nje ya chuma, yanaelea hewani.

Mchoraji wa pili alipima matundu ya kulia kutoka ukingo wa kulia, milimita 12. Anapoandika 160, matundu hayo yanasafiri na ukingo wao hadi 148. Hivyo ndivyo mteja alivyotaka.

Mchoraji wa tatu hakuandika umbali wowote. Aliweka matundu kwa macho na kipanya, na kwa bahati yalikaa vizuri. Kwake jibu halimo katika mchoro. Kitatuzi, yaani ile sehemu ya programu inayokokotoa milinganyo, kitachagua chenyewe, na kwa kawaida kitayaacha matundu mahali yalipokuwa.

Kabla ya kuguswa, michoro hii mitatu haikuwa na tofauti hata ya unywele. Ikichapishwa kwenye karatasi, mkaguzi angeitia sahihi yote. Mwanaisimu hatashangaa, kwani sentensi ‘Ali amempigia Asha mpira’ nayo ina sura moja na miundo kadhaa chini yake: mpira ulielekezwa kwa Asha, au ulipigwa kwa niaba yake, au kwa ajili ya kumfurahisha. Maana hutengana pale sentensi inapolazimika kubadilika au kuendelea. Vivyo hivyo, kubadili ukubwa ndicho kipimo kinachoufichua muundo wa mchoro. Mkufunzi anayesahihisha kazi ya wanafunzi kwa kuitazama tu, bila kubadili namba moja na kuona kinachotokea, anasahihisha sura.

Yuko pia anayependa njia ya mkato ya kukuza mchoro mzima kwa uwiano mmoja. Akizidisha kila kitu kwa 1.6, urefu utakuwa 160 kama ulivyoombwa, lakini upana utakuwa 96, na kila tundu litakuwa la milimita 14.4, ambalo bolti ya milimita 8 itacheza ndani yake kama mchi kinuni. Hapa hujitokeza mgawanyo muhimu. Usambamba, umlalo, uwima, pembe, mguso, mkutano na usawa wa pande havidhuriki kwa kuzidisha. Umbo likikuzwa mara mbili au mara mia, vyote hubaki kweli. Urefu ulioandikwa kwa milimita hauvumilii kuzidishwa hata kidogo. Makala haya yanapendekeza kundi la kwanza liitwe masharti-umbo na la pili masharti-kipimo. Mchoro wenye masharti-umbo peke yake hauna ukubwa wake. Una sura tu. Ndiyo maana baadhi ya programu, mchoraji anapoandika kipimo cha kwanza katika mchoro uliochorwa kwa macho, huukuza au kuupunguza mchoro mzima kwa pamoja ili sura isivurugike.

5.0 Masharti yanapogongana

Mstatili wenye pande mbili mlalo na mbili wima ukiongezewa amri kwamba pande za juu na chini ziwe sambamba, amri hiyo haisemi jipya: mistari miwili iliyo mlalo haiwezi kukosa usambamba. Hilo ni sharti la ziada, na baadhi ya programu hulikemea japo si uongo. Sharti linalopingana na mengine ni jambo jingine. Pembetatu ya pande za milimita 60, 80 na 100 ipo, tena ina pembe mraba. Upande wa 100 ukipewa 140 pembetatu hulala na kuwa mstari. Ukipewa 150 hakuna pembetatu, kwa kuwa pande mbili zilizobaki, hata zikinyooshwa, hazifiki. Kitatuzi hukataa, na mchoro hubaki na ukubwa wake wa zamani ukiwa umebadilika rangi.

Wasomaji wa fonolojia watalinganisha hali hii na Nadharia ya Optimaliti, iliyoasisiwa na Alan Prince na Paul Smolensky mwaka 1993, ambamo masharti nayo hugongana. Ulinganisho huo una faida hasa kwa mahali unapovunjika. Katika nadharia hiyo masharti yamepangwa kwa daraja, na la chini huweza kukiukwa ili la juu litimie. Kiswahili kina klabu na kina kilabu: katika umbo la pili, katazo la kufululiza konsonanti limeshinda takwa la kutoongeza irabu ambayo haikuwamo katika neno la asili. Katika mchoro-bapa, kwa kawaida, hakuna daraja. Sharti la mguso halina cheo kuliko la usambamba, na kitatuzi hakina ruhusa ya kulivunja moja ili kuliokoa jingine. Humrudishia mchoraji aamue lipi liondoke.

Hata hivyo kuna takwa moja ambalo halijaandikwa popote na linalofanana na uaminifu kwa umbo la awali. Pembetatu ya 60, 80 na 100, upande wake mmoja ukiwa umefungwa, ina majibu mawili: ncha ya tatu inaweza kukaa juu au chini ya upande huo, kama kitu na taswira yake kiooni. Masharti yote yanatimizwa katika hali zote mbili. Kitatuzi huanzia mahali umbo lilipo na kutafuta jibu lililo karibu. Ndiyo sababu badiliko dogo la kipimo huenda salama, ilhali badiliko kubwa la ghafla huweza kulipindua umbo likaangalia upande usiotarajiwa. Mafundi wazoefu hulijua hilo, na hubadili kipimo kikubwa kwa hatua mbili tatu.

6.0 Uteuzi wa istilahi

Baada ya kuona tabia ya kitu chenyewe, wagombea wa jina lake wanaweza kupimwa. Kizuizi hutokana na -zuia, na humaanisha kinachokatiza mwendo. Kimeonekana katika sehemu ya 3.0 kuwa kitu hiki mara nyingi huuelekeza mwendo badala ya kuukatiza. Kikwazo, kutoka -kwaa, kina kasoro hiyohiyo na nyingine juu yake: kikwazo hutakiwa kiondolewe, na hakuna anayekiweka kwa hiari njiani mwake. Kibano kina picha nzuri ya karakana, lakini kinachobanwa hakisogei, na tena kibano ni chombo halisi ambacho fundi huyohuyo anacho mezani. Kifungo ama ni cha shati ama ni cha mahakama. Mwiko una nguvu ya kupendeza, ila hukataza tu. Hauwezi kuamuru usawa. Kanuni ni pana mno, kwani kanuni ni za somo zima na si za pande hizi mbili.

Sharti linabaki. Maana yake ya msingi ni jambo ambalo lazima litimie ili jambo jingine likubalike, na lugha hulitumia bila hisia ya kuzuiwa. Methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame haimkatazi mtu kitu cha mvunguni. Inamwonyesha mwili wake utakavyolazimika kubadilika ili akipate. Mtu atapata shida kuupata mfano bora zaidi wa umbo linaloburutwa chini ya mahusiano yake. Masharti ya mkopo, ya upangaji, ya dawa ya mganga, yote huambatana na kupata kitu.

Sharti lina dosari moja inayostahili kutajwa. Katika somo la kuandika programu neno hilohilo hutumika kwa tamko la ‘ikiwa… basi’, na katika sarufi kwa vishazi vya -nge- na -ki-. Sharti la aina hiyo hupimwa kisha likaachwa, likiwa kweli au uongo. La mchoro hutekelezwa na kudumishwa. Istilahi ambatani sharti-umbo na sharti-kipimo zinaondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko huo, na pale muktadha unapokuwa wazi, sharti peke yake linatosha.

7.0 Kurefusha na kurefuka

Kuteua nomino ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni vitenzi, na hapa Kiswahili kimejaliwa mno kuliko walimu wake wanavyokitumia. Vitabu na maelezo mengi hutosheka na kubadili ukubwa kwa kila hali. Lakini yaliyoelezwa hapo juu yanadai angalau tofauti mbili.

Ya kwanza ni ya mwelekeo. Kukuza na kupunguza hufaa kwa badiliko la uwiano mmoja, ambalo masharti-umbo hulivumilia. Kurefusha, kufupisha na kupanua hufaa kwa badiliko la upande mmoja. Kosa la bamba lililokuzwa kwa 1.6 ni kosa la kufanya kukuza palipoombwa kurefusha, na mwalimu anayetofautisha vitenzi hivyo amekwisha kufundisha nusu ya somo.

Ya pili ni ya chanzo cha badiliko, nayo imo katika unyambuzi. Kutoka kivumishi -refu hupatikana -refusha na -refuka; kutoka -fupi, -fupisha na -fupika; kutoka -pana, -panua na -panuka. Umbo la kwanza lina mtenda anayesababisha. La pili halimtaji wala halimhitaji. Mchoraji anapovuta upande wa chini wa mstatili, upande huo umerefushwa. Wa juu, ambao hakuna aliyeugusa, umerefuka. Sentensi ‘upande wa chini ukirefushwa, wa juu hurefuka’ inaeleza utendaji wa sharti kwa maneno saba bila istilahi yoyote mpya. Vivyo hivyo kipimo ambacho mchoraji amekiandika na ambacho umbo hulitii kinaweza kuitwa kipimo-tawala, na kile ambacho programu inakisoma tu kutoka katika umbo, nacho hubadilika lenyewe linapobadilika, kipimo-fuasi. Mwanafunzi anayejaribu kuhariri kipimo-fuasi ni sawa na anayesukuma mshale wa mizani akitarajia mzigo upungue.

Inavutia kuuona upatanisho wa kisarifi kama ndugu wa jambo hili, na kwa kiasi fulani ni ndugu. Kiswahili kina njia yake ya kubadili ukubwa wa nomino, na inapotumiwa sentensi nzima hujipanga upya: ‘nyumba hii nzuri imejengwa’ huwa ‘jumba hili zuri limejengwa’. Msemaji amegusa neno moja. Kivumishi, kionyeshi na kitenzi vimefuata. Lakini upatanisho una upande mmoja wa kuamuru. Nomino hutawala, vingine hufuata, na hakuna anayebadili kiambishi cha kitenzi akitarajia nyumba igeuke jumba. Sharti la usawa kati ya pande mbili za mstatili halina bwana wala mtwana: ukivutwa wa chini, wa juu hufuata, ukivutwa wa juu, wa chini hufuata. Mtawala ni yule aliyeguswa, na kwa muda anaoguswa tu.

Sarufi ya upatanisho inakuwa mfano sahihi pale mchoro-bapa unapotoka kwenye ubapa na kujengewa umbo lenye kina. Huko mambo huenda kwa mfuatano: tundu hutobolewa katika bamba lililotokana na mstatili, na mstatili ukibadilika tundu hujengwa upya, ilhali tundu halina njia ya kuubadili mstatili. Mwalimu anaweza kuanza na jumba na nyumba kwa somo hilo. Kwa mchoro-bapa wenyewe atahitaji mfano usio na mtawala wa kudumu. Kamba mbili za pembea, zilizofungwa mti mmoja na kubeba ubao mmoja, ziko karibu zaidi: anayetaka ubao ubaki mlalo, akifupisha kamba yoyote kati ya hizo mbili, ya pili nayo haina budi kufupika.